Namna ya kuipanga simu ikukumbushe dawa za kisukari, hata kama ni kitochi

"Mwanangu, simu imeniamsha saa nane usiku inasema dawa. Nimeze au nisimeze?"

Swali hili nililipata kwanza kwa mama yangu, kisha kwa majirani wawili hapa Igoma, Mwanza, na sasa nalipata karibu kila siku ya kliniki, tukiwa kwenye benchi tangu alfajiri tukisubiri zamu ya kupimwa. Kijana amemsetia mzazi wake alamu, amesafiri zake, na simu imebaki ikilia saa isiyo yake. Wiki haiishi, mzee anachoka, alamu inazimwa, na dawa zinarudi kumezwa kwa kubahatisha.

Jibu la swali: usimeze. Zima, lala, kesho soma hatua ya 3.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe mwenye kisukari, na kwa ajili yako wewe unayemuuguza mzazi, mwenza au jirani. Hauhitaji simu ya bei kubwa. Kuna jambo moja tu ninaloomba ulibebe tangu mwanzo hadi mwisho: alamu ifungwe kwenye chakula, na mbele ya alamu awepo mtu. Simu inayolia peke yake ndani ya nyumba huzoeleka kama jogoo wa jirani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Dawa zote zilizomo nyumbani, pamoja na bahasha na maboksi yake. Zile za presha pia, maana wengi wana vyote viwili.
- Daftari au cheti cha kliniki.
- Simu yoyote yenye alamu. Kitochi kinatosha.
- Kiboksi cha dawa chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Ukipata chenye vyumba vya asubuhi na jioni, bora zaidi. Ukikikosa, tumia vikopo saba vidogo vikavu vyenye mifuniko, uviandike siku kwa kalamu isiyofutika.
- Mtu mmoja atakayefuatilia. Nasema mmoja. Kundi zima la WhatsApp la ukoo halifuatilii dawa za mtu, kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga.
- Saa moja ya utulivu, mkiwa mmeshakula. Mtu mwenye njaa asifundishwe simu.

Mwongozo huu haubadilishi dozi ya mtu yeyote. Hapa tunapanga kukumbuka tu. Ukigundua katikati ya kazi hii kwamba dawa zinamezwa tofauti na zilivyoandikwa, usijirekebishie mwenyewe. Rudi zahanati, kituo cha afya au kliniki yako ukaulize.

Hatua

1. Zimwage dawa zote mezani.

Fanya hivi hata kama una hakika unazijua. Panga kila dawa na bahasha yake, kisha andika kwenye karatasi: jina la dawa, nguvu yake (kwa mfano miligramu 500), vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, na inamezwa kabla ya chakula, pamoja nacho au baada yake.

Alama ya 1x2 kwenye bahasha maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Nimekutana na baba mmoja aliyeisoma kuwa vidonge viwili kwa mpigo, akawa anameza hivyo asubuhi na jioni. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaisomaje.

Angalia pia kama dawa moja imejificha chini ya majina mawili. Metformin huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Mtu anaweza kupewa hospitali kwa jina moja, akanunua duka la dawa kwa jina jingine, akawa anazimeza zote akidhani ni dawa mbili. Jina halisi huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile kubwa. Lisome, au mpe mtu mwenye macho mazuri akusomee.

Mambo matatu ya kuyajua kuhusu dawa zinazotolewa sana kwetu:

Metformin hupatana na tumbo lililo na chakula. Ikimezwa na tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuharisha, na hapo ndipo watu wengi wanapoiacha.

Glibenclamide hushusha sukari iwe umekula au hujala. Kwa hiyo kama hakuna chakula, haimezwi. Hili liandike kwa wino mwekundu.

Insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 ambayo wengi wamezoea kupewa, kwa kawaida huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Zipo aina nyingine zenye muda tofauti, hivyo muulize muuguzi kuhusu ya kwako na uandike alichosema.

Ukimaliza, piga picha karatasi hiyo, na piga picha dawa zote zikiwa zimepangwa mezani. Mtumie yule mtu wako mmoja. Siku mgonjwa akifikishwa hospitali ya Sekou Toure au Bugando usiku bila bahasha hata moja, picha hiyo ndiyo itakayomjibu daktari.

2. Andika siku ya mgonjwa ilivyo kweli.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Wanaseti saa 1 asubuhi na saa 1 usiku kwa sababu zimepishana saa kumi na mbili na zinapendeza kwenye karatasi. Lakini mama anayeuza samaki soko la Mwaloni ameondoka nyumbani saa 10 alfajiri, amekunywa chai ya rangi tu, na chakula cha maana anakipata saa 4. Alamu ya saa 1 inamkuta katikati ya wateja, mikono ina magamba, dawa ziko nyumbani. Ataizima.

Muulize mgonjwa maswali haya, na umwache ajibu bila kumkatisha: Jana ulikula saa ngapi? Juzi je? Ukiwa kazini unakula wapi? Jioni nani anapika, na chakula kinaiva saa ngapi? Kama ni siku ya ibada, nini kinabadilika? Usimuulize "huwa unakula saa ngapi," kwa sababu hapo atakutajia saa anazoona ni za heshima.

Nimewahi kukaa na mvuvi wa dagaa mwenye kisukari, mtu mzima kunizidi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwenye giza. Anaingia ziwani jioni, anarudi na mzigo asubuhi, anaufikisha kwa wanunuzi, anakula saa 5, analala, anakula tena saa 11 jioni kabla ya kushuka mwaloni. Mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi husimama, naye analala usiku kama watu wengine na chakula chake kinarudi saa za kawaida. Mtu huyu ana siku za aina mbili ndani ya mwezi mmoja. Tulimpeleka kwanza kwa daktari na karatasi inayoonyesha siku zake zote mbili, daktari akampangia dawa kwa kila moja. Kisha simu yake tukaiwekea seti mbili: alamu za giza na alamu za mbalamwezi. Anapoambiwa na wenzake kwamba kesho hawaingii majini, anazima seti moja na kuwasha nyingine. Hajui kusoma sana, lakini hilo halimpi taabu, kwa sababu mwezi anaujua kuliko mimi.

3. Geuza saa yetu iwe saa ya simu.

Hapa ndipo lilipo jibu la ile saa nane usiku. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika 2:00 ukikusudia saa mbili, simu inaelewa saa nane usiku, na haina kosa.

Kwanza nenda kwenye mpangilio wa saa, uchague mfumo wa saa 24. Hilo likiwa tayari, herufi za AM na PM zitapotea na hazitakuchanganya tena. Kisha tumia orodha hii:

- Saa 12 asubuhi: 06:00
- Saa 1 asubuhi: 07:00
- Saa 2 asubuhi: 08:00
- Saa 4 asubuhi: 10:00
- Saa 7 mchana: 13:00
- Saa 11 jioni: 17:00
- Saa 1 usiku: 19:00
- Saa 2 usiku: 20:00
- Saa 3 usiku: 21:00

Hakikisha pia saa ya simu yenyewe ni sahihi. Kitochi kikitolewa betri, mara nyingi saa hurudi mwanzo. Watu wanageuza laini, wanarudisha betri, wanasahau kurekebisha saa, na alamu zote zinahama.

4. Seti alamu.

Kwenye kitochi: fungua menyu, tafuta alama ya saa au alamu, andika saa, kisha tafuta sehemu ya kurudia na uchague kila siku. Usiporuka hapo umemaliza. Ukiruka, italia kesho tu, keshokutwa kimya, nawe utadhani simu imeharibika. Kitochi chenye nafasi ya alamu moja tu kiwekee ile dozi inayosahauliwa zaidi. Kwa wengi ni ya jioni.

Kwenye simu janja: tumia programu ya saa iliyokuja na simu. Weka saa, chagua siku zote saba, na uandike jina la alamu. Jina liwe fupi na liwe la kazi: "Uji na metformin" ni bora kuliko "Dawa". Kama simu inashikwa na watu wengi na mgonjwa hataki mambo yake yajulikane, andika "Uji" peke yake. Mwenye simu ataelewa.

Zipo programu maalumu za kukumbusha dawa, kama Medisafe na MyTherapy. Zinaweka orodha ya dawa na zinakuuliza kama umemeza. Ni nzuri kwa mtu mwenye dawa tano au sita na aliyezoea simu janja. Lakini kwa mzee anayeanza, napendekeza saa ya kawaida kwa mwezi wa kwanza. Haihitaji bando, haimwombi ajisajili, na haimletei ujumbe wa lugha asiyoijua. Akishaizoea, mnaweza kuhama.

Ukimaliza kuseti, fanya jaribio: weka alamu ya dakika mbili mbele, mpe mgonjwa simu mkononi, mkae kimya msubiri. Ilie. Aizime mwenyewe. Rudieni mara tatu. Nisipoliona hili likifanyika, huwa siondoki.

5. Badilisha mlio uwe sauti ya mtu.

Simu janja nyingi hukuruhusu kuchagua faili la sauti liwe mlio wa alamu. Rekodi sauti ya mjukuu, ihifadhi, kisha ichague. Kwa mama yangu alirekodi binti yangu: "Mwangaluka bibi! Umekula? Kama umekula, meza dawa." Salamu ya Kisukuma, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita. Mlio wa kwanza mama alikuwa akiuzima kwa hasira. Huu anausikiliza hadi mwisho, halafu anaitikia.

Angalia mpangilio wa maneno hayo. Kwanza umekula, halafu dawa. Usirekodi "meza dawa" peke yake kwa mtu anayetumia glibenclamide au anayechoma insulini.

6. Simu na dawa vilale pamoja.

Jumapili jioni jaza kiboksi cha wiki nzima. Kiweke mahali ambapo mgonjwa anakula, sehemu kavu, mbali na jiko na mbali na mkono wa mtoto. Simu ichajiwe hapo hapo. Ikilia, kiboksi kiko mbele yake.

Kanuni ya nyumba iwe hii: alamu haizimwi kabla kidonge hakijaingia mdomoni. Kitufe cha kuahirisha kiruhusiwe tu kama chakula hakijaiva.

Kiboksi kina kazi nyingine kubwa. Kila mtu hufika mahali akajiuliza, "Nimemeza au sijameza?" Fungua chumba cha leo. Kikiwa kitupu, umemeza. Bila kiboksi, watu humeza tena "kwa usalama", na hapo usalama haupo.

Wa insulini, hifadhi yake ni tofauti. Chupa ambayo haijafunguliwa inahitaji friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Nyumba isiyo na friji itumie mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, wenye maji, insulini ikiwa ndani ya chombo kisichopitisha maji. Siku unapofungua chupa mpya, weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu cha siku ya 28 mbele, kiandikwe "Badilisha chupa". Insulini nyingi zikishafunguliwa huhesabiwa takriban wiki nne. Soma karatasi ya chupa yako uone yenyewe inasemaje.

7. Kubaliana bipu.

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, na haina gharama. Mgonjwa akishameza, anabipu. Simu inaita mara moja au mbili, anakata. Wewe hupokei. Maana yake: nimekula, nimemeza.

Pangeni muda. Sisi tumekubaliana bipu ya jioni ifike kabla ya saa 2:15 usiku. Na mimi nina alamu yangu ya saa hiyo hiyo, imeandikwa "Bipu ya mama", kwa sababu mfuatiliaji naye husahau. Bipu isipofika, napiga.

Ukipiga, neno la kwanza lisiwe "Kwa nini hujameza?" Liwe "Shikamoo mama, umekula?" Nilianza vibaya hapa. Nilimfokea mama mara mbili ndani ya wiki moja, na wiki iliyofuata bipu zilifika zote kwa wakati, lakini nilipokwenda nyumbani nikakuta vidonge bado vimo kwenye kiboksi. Alikuwa anabipu ili nisimfokee. Tangu siku hiyo nauliza chakula kwanza, na nikisikia hajala, tunazungumzia chakula. Mara nyingine shida ni kwamba mboga haikupatikana siku hiyo, na hilo alamu haiwezi kulijua.

Wenye simu janja wanaweza kutuma picha ya chumba kitupu badala ya bipu. Chagueni moja, mshikamane nayo.

8. Piga picha kila kipimo cha sukari.

Kama una mashine ya kupimia, piga picha kioo chake kila unapopima. Picha inabaki na tarehe na saa yake yenyewe, hata ukisahau kuandika. Kwenye simu janja fungua albamu moja ya "Sukari". Mwenye kitochi aandike kwenye daftari au ajitumie ujumbe mfupi.

Andika na aina ya kipimo: mashine nyingi hapa zinasoma kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL. Kuzilinganisha, zidisha ya kwanza kwa 18. Ukisoma 7 kwenye mashine yako na jirani akasoma 126 kwenye yake, mko sawa. Lengo la watu wazima wengi kabla ya kula ni kati ya 4 na 7 mmol/L, lakini wazee na wajawazito hupewa malengo yao. Uliza lako.

Kliniki nenda na picha hizo. Daktari anayeona namba za wiki tatu ataamua tofauti na anayeona ya asubuhi hiyo tu.

9. Weka kikumbusho cha dawa kuisha.

Hesabu vidonge vilivyopo, gawa kwa vya siku, upate tarehe ya mwisho. Rudi nyuma siku saba, na hapo weka kikumbusho: "Fuata dawa". Kingine kiwe siku mbili kabla ya kliniki.

Kama unaishi Ukerewe, Ukara, Kome au kisiwa kingine chochote, rudi nyuma siku kumi na nne. Upepo ukichafuka ziwani hakuna anayevuka, na duka la dawa la kisiwani linaweza kuwa limeishiwa kama wewe.

10. Baada ya siku saba, kaeni mpitie.

Hesabu vidonge vilivyobaki. Angalia ni saa ipi inayoshindwa. Hamisha alamu iendane na mtu. Kama dozi ya asubuhi inashindwa kila Jumanne na Ijumaa, uliza anakwenda wapi Jumanne na Ijumaa. Watu wengi hupatia mpangilio wao kwenye jaribio la pili au la tatu.

Makosa ya kuepuka

*Kufidia dozi.* Umesahau ya asubuhi, usimeze mbili jioni. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, ruka iliyopita na uendelee. Kwa insulini, piga simu kliniki uulize.

*Kuacha dawa kwa sababu sukari imekaa sawa.* Imekaa sawa kwa sababu ya dawa. Ninalisema hili nikiwa nimeshazika mtu aliyeziacha.

*Kuamini voisi za WhatsApp.* Kila wiki linazunguka tangazo la mizizi inayomaliza kisukari ndani ya siku 21. Simu ile ile inayokukumbusha dawa ndiyo inayokuletea uongo huo. Kama umeanza kutumia mitishamba, mwambie daktari bila kuona haya.

*Kusahau dalili za sukari kushuka.* Ukianza kufuata dawa vizuri baada ya muda mrefu wa kuruka ruka, sukari inaweza kushuka mno, hasa kwa glibenclamide na insulini. Kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuongea visivyoeleweka. Kama kipimo kiko chini ya 4 mmol/L, au huna mashine na dalili zipo: koroga vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, anywe. Au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimwekee kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Yule mvuvi wangu ana soda ndani ya mtumbwi kila usiku, na wenzake wote wanajua ni ya nini na kwamba haiguswi.

*Kufunga bila kumuuliza daktari.* Kwa wenzetu Waislamu, nendeni kliniki wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Dozi na saa huweza kuhamishwa kwenye futari na daku, na wengine hushauriwa wasifunge. Senegal walianza mwaka 2014 kutuma ujumbe mfupi kwa wenye kisukari wakati wa Ramadhani, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, maana mwezi huo ndio unaovuruga ratiba kuliko mingine. Baada ya kuzungumza na daktari, badilisha alamu zote siku moja kabla ya mwezi kuandama, na uzirudishe Idi ikifika.

Mambo yakikwama

*Alamu haikulia kabisa.* Angalia mambo manne kwa mpangilio: chaji, saa ya simu, kurudia kila siku, sauti ya alamu (ambayo kwenye simu janja ni tofauti na sauti ya muziki). Simu janja nyingi zikizimwa hazilii. Kama unatumia programu ya kukumbusha, ingia kwenye mpangilio wa betri uiondoe kwenye orodha ya programu zinazolazwa kutunza chaji.

*Umeme unakatika, simu inalala imezima.* Chaji mchana, hata kwa sola ya jirani. Au mpe mgonjwa kitochi cha alamu tu. Betri yake hukaa siku kadhaa.

*Mgonjwa hasikii vizuri.* Washa mtetemo na uiweke simu juu ya sahani ya bati. Itasikika hadi uani.

*Macho hayaoni maandishi.* Kuza herufi kwenye mpangilio wa simu, na tegemea sauti iliyorekodiwa. Na macho yanayofifia yatajwe kliniki, kwa kuwa kisukari chenyewe huyashambulia.

*Simu ni moja kwa nyumba nzima.* Alamu iwe kwenye simu inayolala nyumbani. Kama simu inaondoka asubuhi na baba, dozi ya asubuhi ifungwe kwenye chai na mtoto anayekwenda shule apewe kazi ya kuuliza, "Bibi, chumba cha leo kitupu?"

*Metformin inamharisha.* Hakikisha anaimeza katikati ya chakula au mara tu baada yake. Mara nyingi tumbo hutulia baada ya wiki chache. Isipotulia, rudi kliniki, wanaweza kubadilisha aina au dozi. Asiache kimya kimya.

*Anatapika au ana homa, hali chakula.* Usifuate alamu, fuata mtu: mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Anayetumia insulini asiiache kwa uamuzi wake eti kwa kuwa hajala; apimwe, aelekezwe.

*Bipu zinafika, vidonge havipungui.* Nimeshasema yangu hapo juu. Hesabu vidonge kila Jumapili mnapojaza kiboksi, mkiwa mmekaa pamoja, bila maneno makali.

*Sasa anameza kabla alamu haijalia. Niifute?* Iache. Siku ya kawaida hataihitaji, lakini siku za kawaida si zote. Mama yangu siku hizi huniwahi, bipu inafika nami bado niko kwenye daladala. Mwezi uliopita tulikuwa msibani Magu, watu wengi, chakula kimechelewa, yeye amekaa na wenzake mkekani wakiimba. Saa 1 usiku sauti ya mjukuu wake ikasikika kutoka kwenye mkoba: "Umekula?" Akaangalia huku na huku, akanyanyuka kwenda jikoni kuomba sahani.